Mlinda Mlango wa Nje

Kiswahili cha kandanda kina jina moja linalobeba kazi mbili. Mlinda mlango ni yule mchezaji asimamaye kati ya miti miwili, ambaye peke yake ameruhusiwa kuushika mpira kwa mikono. Walakini mlinda mlango ni pia yule mtu asimamaye penye lango la uwanja, akapokea tiketi, akaichana, akamrudishia mwenyewe kipande kinachobaki na kumwachia njia. Wa kwanza huimbwa akiokoa na hulaumiwa akifungwa. Wa pili haimbwi kamwe, ijapokuwa matusi huyapata kwa wingi kuliko mwenzake. Majina ya walinda mlango wa ndani wa Simba na Yanga hutajwa na watoto wa shule bila kukosea. Ya wale wa nje hayamo vitabuni wala magazetini.

Yupo Nkuhungu, katika mji wa Dodoma, mzee mmoja aliyekuwa mlinda mlango wa nje. Kazi hiyo aliifanya katika Uwanja wa Taifa wa zamani, Dar es Salaam, kwa muda wa miaka kumi na zaidi, nayo ilimpasa hasa siku zile ambazo Simba na Yanga zilikutana. Mwenyewe hapendi jina lake litajwe, na sababu yake itaonekana mbele. Jirani zake humwendea kila ubishi unapozuka juu ya michezo ya zamani, kwa kuwa katika mtaa wao yeye ndiye aliyekuwako. Humwuliza bao lile lilifungwa kwa kichwa au kwa mguu, na kama kweli mwamuzi alikosea. Mzee huwasikiliza hata mwisho, kisha huwajibu kwa maneno yale yale: "Mimi nilikuwa mlangoni." Vijana huona kwamba anawanyima. Hawanyimi kitu, hakuona.

Ili jibu hilo lieleweke, yafaa kukumbuka ushindani wenyewe ulivyokuwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata wanachama wengine wakajitenga, na klabu yao ikapita katika majina kadha wa kadha, Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, hata mwaka 1971 ikayaacha majina ya kigeni na kuitwa Simba. Makao ya klabu hizi, Jangwani na Msimbazi, yako katika eneo moja la Kariakoo, na mtu aweza kutoka huku akafika kule kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Ugomvi huu, basi, haukuzaliwa kati ya miji miwili, wala kati ya dini mbili au makabila mawili, kama ulivyozaliwa ushindani mwingi katika nchi nyingine. Ulizaliwa ndani ya nyumba moja, na ugomvi wa ndugu ni mgumu kuumaliza, maana kila upande waijua siri ya mwenzake.

Waandishi wa habari wakaupatia jina lifaalo, wakawaita wenye klabu hizi watani wa jadi. Jina hilo si pambo. Mtani, kwa desturi za makabila yetu, ana ruhusa ya kukucheka hata msibani, tena ana wajibu wa kufika msibani na kushika jembe. Hawezi kukucheka akakosa kuja. Aliyewaza kulichukua neno hilo kutoka makaburini akalipeleka uwanjani aliifanyia nchi hii wema mkubwa, kwa maana aliwapa watu wenye hasira njia ya kurudi nyumbani pamoja. Si kwamba fujo hazikutokea. Zilitokea, na mara nyingine mchezo ulivunjika au timu moja ikakataa kuingia uwanjani. Lakini kesho yake watu walikutana sokoni, na aliyefungwa alijua ya kuwa atachekwa na ya kuwa itampasa kuvumilia.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, utani ulipata daftari la kuandikia. Sunderland walitwaa ubingwa mwaka huo na mwaka uliofuata. Yanga wakautwaa mfululizo tangu 1968 hata 1972. Jumamosi ya 1 Juni 1968 Yanga waliwafunga wenzao mabao matano bila jibu, na kwa miaka tisa hesabu hiyo ikawa kama deni lililoandikwa ukutani.

Uwanja uliopokea michezo hiyo haukuwa uwanja wa hivi hivi. Hapo ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Baadaye ulipojengwa uwanja mkubwa jirani yake na kufunguliwa mwaka 2007, ule ambao tangu 2020 waitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa, huu wa zamani ukabaki na jina la Uhuru. Watu wa mjini hawakuridhika na jina la serikali. Wao huuita Shamba la Bibi. Msemo huo katika Kiswahili humaanisha mahali anapovuna kila mpitaji bila kuulizwa na mtu. Kwa mpenzi wa kandanda ni jina la mapenzi. Kwa mtu aliyewekwa mlangoni ili wasivune wasiopanda, lilikuwa shtaka.

Mzee wa Nkuhungu alifika Dar es Salaam kwa gari moshi katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, mvua zilipowakosesha chakula watu wa Ugogo, kama zilivyofanya mara nyingi. Siku za kawaida alifanya kazi ya kupakua mizigo. Kazi ya mlango ilikuwa kibarua cha siku, na malipo yake yalikuja baada ya fedha kuhesabiwa mezani na vipande vya tiketi kulinganishwa na vitabu vyake. Hesabu zisipolingana, kila mlango uliulizwa.

Jambo la kwanza alilofundishwa lilikuwa kuupa uwanja mgongo. Mlinda mlango anayegeuka kutazama mpira ni sawa na mchungaji anayetazama ndege; atakapogeuka tena, zizi li wazi. Basi alisimama akiwatazama watu. Saa nane mchana walikuja wale wenye tiketi mkononi, wapole, wakisalimu. Mchezo ulipokaribia wakaja wale ambao tiketi zao zilikuwa kwa rafiki aliyekwisha ingia. Wengine walisalimu kwa kushikana mkono, na ndani ya mkono mlikuwa na noti iliyokunjwa mara nne. Wengine walidai kuwa ni waandishi, ndugu wa wachezaji au wapiga ngoma. Wakubwa hawakuwa na tiketi wala hawakuombwa. Wao walikuwa na uso. Uso huo aliufungulia njia kama alivyoagizwa, na jioni hesabu yake ilipungua kwa idadi ya nyuso.

Watoto ndio waliomtaabisha. Mtoto aliyefuatana na mzazi aliachwa apite, na kila mtoto wa Ilala na Temeke alilijua hilo. Kwa hiyo mtoto asiye na mtu alimchagua mgeni katika msururu, akamshika kidole kimoja bila kusema neno, akatembea naye akitazama chini. Wageni wengine walishtuka, wengine wakaelewa wakakibana kile kidole. Mlinda mlango alipaswa kuuliza, "Huyu ni mwanao?" Mzee akiri kwamba katika miaka yote ile hakuuliza. Mtu aweza kusema kwamba huo nao ulikuwa uvunaji wa shamba la bibi, na kwa sheria ya mahesabu atakuwa amesema kweli.

Palikuwa na mtihani mwingine ambao haukuandikwa katika kanuni yoyote. Kila aliyefika mlangoni alimtazama mlinzi ili ajue ni wa rangi gani. Mlinzi wa kijani na njano akimzuia mtu wa nyekundu, hata kwa haki, lile si suala la tiketi tena, ni vita. Kwa sababu hiyo mzee huyu alivaa kaki, na siku za mechi hakuruhusu nguo nyekundu wala ya kijani kuanikwa nyuma ya nyumba aliyopanga, amri ambayo mkewe aliiona ya kichaa, kwa kuwa kanga zisizo na rangi hizo si nyingi. Hakumwambia mtu klabu aliyoipenda. Alikuwa nayo, maana hakuna aliyeishi Dar es Salaam ya siku zile asiwe nayo. Lakini aliificha kwa wenzake wa mlangoni na kwa polisi waliosimama pamoja nao, akaificha hata kwa mkewe. Mpaka leo anaificha, na hiyo ndiyo sababu ya kutotaka jina lake lichapwe.

Timu zenyewe zilikuwa na mashauri yao na mlango. Ni jambo linalojulikana kwamba klabu hizi ziliogopa mlango uliowekwa kwa ajili yao, zikihofia kilichozikwa au kumwagwa hapo usiku. Timu ikafika, ikaliona lango lililo wazi, ikataka lililofungwa. Wachezaji walipita mlango wa watazamaji, au vyumba vya kuvalia vikakataliwa na watu wakavaa ndani ya basi. Mambo haya hayakwisha na zamani zile. Mwaka 2003 klabu zote mbili zilitozwa faini kwa ajili ya vitendo vya ushirikina uwanjani. Wasomi hupenda kulicheka jambo hili. Afadhali wangetazama lilivyomfikia mwenye ufunguo: alifungua mlango uliokatazwa akapata lawama ya mkuu wake, au hakuufungua akapata lawama ya timu nzima na wapenzi wake elfu kadha.

Mchezo ulipoanza, alibaki na masikio. Kwa miaka alijifunza kusoma kelele jinsi mkulima asomavyo mawingu. Kelele ya mpira uliopiga mwamba hupanda ghafla ikakatika. Ya bao haikatiki. Hupanda, ikajikusanya, kisha huteremka kwa ngoma. Hupita pia kimya cha namna mbili, kimya cha watu wanaosubiri penalti, na kile cha upande uliofungwa, ambacho husikika chini ya furaha ya wengine kama maji yanayopita chini ya daraja. Upande kelele ilikotoka ulimwambia nani amefunga. Amefungaje, hakujua, na jioni hapakuwa na wa kumweleza kwa utulivu, maana walioshinda waliimba na walioshindwa waliondoka.

Aliyemweleza alikuwa mdogo wake aliyebaki Nkuhungu. Wakati ule Nkuhungu ilikuwa pembezoni mwa mji, na siku ya mechi watu walikusanyika kwenye redio moja iliyowekwa juu ya paa la tembe ili ishike mawimbi vizuri. Radio Tanzania iliwaletea uwanja mzima. Mtangazaji wa mpira, na nchi hii imebarikiwa kuwa nao, Ahmed Jongo na Mshindo Mkeyenge wakiwa miongoni mwao, hakusema tu kwamba mpira umepigwa. Alieleza nani kaupokea, akielekea wapi, na beki gani yuko mbele yake. Huyo ndugu alikuwa na kichwa cha kuhifadhi. Alikuwa pia Simba wa wazi asiyeona haya. Baada ya kila mchezo alimwandikia kaka yake barua ya kurasa mbili tatu, akiusimulia toka mwanzo. Barua hizo zilisafiri kilomita zipatazo 450 ili kumweleza mtu yaliyotukia nyuma ya mgongo wake, hatua mia moja kutoka pale aliposimama.

Mara moja tu alizipata habari pamoja na nduguye. Ilikuwa Jumamosi ya 10 Agosti 1974, mchezo wa kuamua ubingwa ulipopelekwa katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Milango ya Dar es Salaam ilikuwa na kufuli siku hiyo, na walinzi wake wakakaa kwenye kibanda cha chai wakiizunguka redio kama watu wengine. Adam Sabu aliwafungia Simba bao la kwanza. Simba wakaishika ile moja mpaka mchezo ukakaribia kwisha, ndipo Gibson Sembuli akasawazisha. Na katika dakika za nyongeza Sunday Manara, aliyepewa jina la Kompyuta kwa akili yake ya mpira, akaupatia Yanga ushindi. Ingekuwa Dar es Salaam, mzee angehesabu kelele tatu. Sasa aliujua mchezo wote, nao wamhuzunisha kidogo hata leo kuusimulia, kwa sababu ndio pekee anaoweza kuusimulia vema, na hakuwako.

Mwaka 1977 ulikuwa na mambo makubwa kuliko kandanda. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Walakini katika vibaraza vingi mwaka huo hukumbukwa kwa tarehe 19 Julai. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, na mchana ule watu wengi mjini walipatwa na homa iliyowaruhusu kutoka maofisini lakini haikuwafikisha hospitali.

Kelele ya kwanza ilikuja mapema, dakika ya kumi. Ilikuwa ya Abdallah Kibadeni. Ya pili ilimchanganya mlinda mlango, kwa kuwa ilianza kwa mguno kabla ya shangwe. Kumbe beki wa Yanga alikuwa amejifunga. Kabla ya mapumziko Kibadeni akafunga tena. Kipindi cha pili Jumanne Hassan, ambaye wapenzi walimwita Masimenti, akaongeza la nne na la tano, na hapo robo saa na ushei ilikuwa bado. Deni la 1968 lilikuwa limekwisha lipwa, bao kwa bao.

Hapa yahitaji kuelezwa desturi moja ya uwanja, ambayo watu waliiita kufungulia mbwa. Dakika za mwisho milango iliachwa wazi, na wale wote waliokosa fedha, waliokuwa wakisubiri nje tangu mchana, wakaingia bure kutazama kilichobaki. Ni jina la dharau, nao wenyewe walilipokea kwa kicheko. Kwa mlinzi wa mlango ilikuwa ndiyo saa ya uhuru wake. Hakuna tiketi tena ya kuchana, aweza kugeuka. Mabao mengi yaliyofungwa mwishoni mwa mchezo, kama aliyaona, aliyaona pamoja na hao maskini.

Jumanne ile milango ilipofunguliwa, mito miwili ilikutana katika uwazi mmoja. Wapenzi wa Yanga walikuwa wakitoka, kwa kuwa hawakuweza kutazama zaidi, wengine wakilia kama waliofiwa. Na watu wa nje walikuwa wakiingia mbio, maana walisikia matano na kila mmoja alitaka lake la sita. Watoto walikuwamo katika mto unaoingia, wamefika urefu wa kiuno cha wanaotoka. Mlinzi akaona kwamba mtu atakanyagwa. Akauweka mwili wake katikati, mikono yake ikashika nguzo huku na huku, akawa anawapitisha wanaotoka kwa upande wa kulia na wanaoingia kwa upande wa kushoto, na watoto akiwavuta mmoja mmoja chini ya mkono wake. Alikuwa katika kazi hiyo dakika ya themanini na tisa. Kelele ikaja. Kibadeni alikuwa amefunga la tatu lake na la sita la Simba. Watu wote waliokuwa na nafasi ya kugeuka waligeuka, hata waliokuwa wakilia. Mlinzi hakugeuka. Hakuna aliyekanyagwa kwenye mlango ule, na hilo halimo katika kumbukumbu yoyote ya siku hiyo, maana jambo ambalo halikutokea haliandikwi.

Historia ya kandanda yetu imeandikwa, pale ilipoandikwa, kwa wafungaji na dakika. Hesabu hizo zina thamani, na bila hizo ubishi wa vibarazani usingekuwa na mpaka. Lakini zimeandikwa kana kwamba watu elfu nyingi walijikuta tu mahali pamoja, wakakaa kwa utaratibu, wakatoka salama. Mtafiti atakayeuliza ni nani aliyewaweka hapo atagundua kwamba mashahidi wake hawakuona mchezo: mchana tiketi, muuza machungwa aliyetazama mifuko ya watu, polisi aliyetazama jukwaa, mwokota mipira aliyetazama mstari wake tu. Ushahidi wao si pungufu. Ni wa jambo jingine.

Barua iliyofuata haikuwa ndefu kama zile nyingine. Ndugu yule alimpa msafiri wa gari moshi kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mlikuwa na karanga sita za Ugogo. Kwa utani huo alitaka kaka yake ajifichue, maana mtu wa Yanga angekasirika na mtu wa Simba angecheka. Mlinda mlango alizipokea mbele ya yule msafiri, ambaye bila shaka alikuwa ameagizwa kumtazama usoni, akazibambua, akazila zote sita, akashukuru.

Alirudi Nkuhungu katika miaka ya themanini. Barua nyingi mchwa walikwisha kuzila. Zimebaki chache, na aliyeziandika naye ametangulia. Pembezoni ile sasa ni mji uliojaa nyumba za bati, na Dodoma yenyewe imekuwa makao ya serikali. Tangu msimu wa 2020/21, Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu, Simba na Yanga huja kucheza katika uwanja wa Jamhuri, na mechi hizo hujaza mji. Katika moja ya siku hizo wajukuu walimnunulia babu yao tiketi ya mahali pazuri, penye kivuli, wakamketisha aone kwa macho yake walau mara moja.

Usiku, nyumbani, jirani walikuja kama kawaida yao, wakamwuliza mzee bao lilikuwaje, kwa kuwa leo hakuwa mlangoni. Akawaeleza habari za kijana mchana tiketi, aliyekuwa amekaa vizuri, mgongo kwa uwanja; na jinsi mtoto mmoja wa miaka saba hivi alivyofika penye lango ameshika kidole cha mtu asiyekuwa baba yake, na kijana akamtazama, kisha akatazama pembeni.